Uzamili wa Takwimu za Afya: Mtu wa Mara Apige Hesabu Mpaka Siku ya Kutetea

Kila mwisho wa mwezi, kwenye zahanati za Butiama, Bunda na Musoma Vijijini, muuguzi hukaa na vitabu vya kumbukumbu za huduma, vile vya MTUHA, akijumlisha: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliopata chanjo ya surua, wagonjwa wa nje waliokutwa na malaria. Jumla hizo hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Siku ya kikao cha tathmini mtu husimama na kutangaza kwamba chanjo imefikia asilimia 108. Wengine hupiga makofi. Mmoja aliyekaa nyuma hujiuliza: hao wanane wa ziada wametoka wapi?

Mara nyingi jibu liko kwenye kigawanyo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mara na watu 1,743,830, na ile ya 2022 ikawakuta 2,372,015. Ni ongezeko la zaidi ya watu 628,000 ndani ya miaka 10. Anayekadiria idadi ya watoto kwa kasi ya ongezeko iliyopitwa na wakati atagawa kwa namba ndogo, na asilimia itavuka mia bila mtoto hata mmoja kuchanjwa mara mbili. Ongeza na mama wa kata ya mpakani anayembeba mwanawe kwenda zahanati ya wilaya jirani kwa sababu ndiyo iliyo karibu, nayo hesabu ya wilaya zote mbili itapinda.

Kuunyoosha upindaji huo ndiyo kazi ya biostatistiki, yaani takwimu za afya. Wahudumu wengi wa afya, maofisa takwimu na walimu wa hisabati mkoani kwetu wanatamani kuisomea kwa ngazi ya uzamili. Wakiuliza bei, hutajiwa ada. Makala haya yanadai kwamba ada ni sehemu ndogo ya bei, na kwamba anayechagua chuo kwa kulinganisha ada peke yake huenda akachagua kilicho ghali zaidi.

Bidhaa tatu zenye majina yanayofanana

Kabla ya bei, ijue bidhaa. Ya kwanza ni uzamili wa sayansi katika biostatistiki, peke yake au pamoja na epidemiolojia. Hapa utakesha na modeli za regresheni, uchambuzi wa muda hadi tukio kutokea, ukokotoaji wa ukubwa wa sampuli na programu za kompyuta. Ukimaliza, watafiti watakufuata uwachambulie data.

Ya pili ni uzamili wa afya ya jamii, maarufu kama MPH. Humo takwimu ni somo mojawapo tu, likikaa pamoja na epidemiolojia, uongozi, sera na afya ya mazingira. Anayelenga kuongoza timu ya afya ya wilaya, au kusimamia programu, hapa ndipo kwake. Anayelenga kuwa mchambuzi atatoka na njaa.

Ya tatu ni uzamili wa takwimu kwa jumla, au wa sayansi ya data, ambao unaweza kuuelekeza kwenye afya kupitia tasnifu. Unamfaa mwenye msingi mzuri wa hisabati asiyetoka kada ya afya. Mwalimu wa hisabati wa Butiama ataingia humu kwa urahisi kuliko muuguzi, na muuguzi atazielewa data za wodi ya wazazi haraka kuliko huyo mwalimu. Kila mmoja ana pengo lake, na kuliziba pengo hilo kunakula muda.

Kwa kawaida vyuo vya nchini hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7. Mwenye stashahada hana budi kupitia shahada ya kwanza, hivyo hesabu yake ni ndefu kuliko iliyomo humu.

Ramani ya vyuo, ukianzia stendi ya Bweri, Musoma

Moshi. Chuo Kikuu cha KCMC, kilichojulikana kwa miaka mingi kama KCMUCo, kina uzamili wa miaka miwili wa epidemiolojia na biostatistiki tumizi. Kwa anayetaka taaluma yenyewe bila kuvuka mpaka, hapa ndipo pa kuanzia kuuliza. Njia ni mbili: kuzunguka Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati, au kupanda basi la Arusha linalokatiza Serengeti. Ya pili hufupisha mwendo, ila hapo kiingilio cha hifadhi huongezeka juu ya nauli. Vyovyote vile, Moshi si mahali pa kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili.

Dar es Salaam. Muhimbili, yaani MUHAS, ina idara ya epidemiolojia na biostatistiki. Ina pia MPH, pamoja na uzamili wa epidemiolojia tumizi unaoendeshwa na programu ya mafunzo ya epidemiolojia kwa vitendo iliyoanza 2008. Katika programu hiyo mwanafunzi hutumia sehemu kubwa ya muda kwenye kazi halisi za kufuatilia magonjwa na milipuko, na mtumishi wa serikali aliyezoea kazi za wilaya hajisikii mgeni. Upande wa takwimu kwa jumla, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya takwimu, na Changanyikeni kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa 1961. Kumbuka kwamba kodi ya chumba na nauli za kila siku za Dar si za Musoma.

Mwanza. CUHAS, chuo kilicho Bugando, hufundisha MPH. Nguvu yake kwa mtu wa Mara ni umbali: Musoma hadi Mwanza ni kama kilomita 220 za lami, na mtu wa Bunda yuko karibu zaidi. Mzazi mwenye watoto wadogo anaweza kuiona familia kila baada ya wiki mbili. Mwanza ina pia kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kitengo cha majaribio ya tiba na kinga, MITU, kinachoendeshwa kwa ushirikiano na chuo cha London cha afya na tiba za tropiki, LSHTM. Anayetaka kukaa karibu na watafiti wa data asiipuuze Mwanza, hata kama shahada atasajiliwa kwingine.

Kampala. Makerere ina uzamili wa biostatistiki katika skuli yake ya afya ya jamii. Kutoka Musoma unapita Sirari, Kisumu na Busia, na kwa barabara si mbali kuliko Dar es Salaam. Njia ya kutoka Mara kwenda Makerere si ngeni pia: kijana wa Butiama aliyeanzia shule ya Mwisenge pale Musoma mwaka 1934 alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, na nchi nzima inamjua. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi ya udahili liwe hili: je, raia wa Jumuiya analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Upate jibu kwa maandishi.

Kigali. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha sayansi ya data, ambako mwanafunzi wa uzamili anaweza kubobea katika biostatistiki. Kitamfaa mtu wa hisabati au kompyuta anayetaka milango miwili, wa afya na wa kwingineko.

Ulaya. Hasselt, Ubelgiji, ina uzamili wa takwimu na sayansi ya data wenye mkondo wa biostatistiki, na ufadhili wa VLIR-UOS kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo. LSHTM ina uzamili wa takwimu za tiba wa mwaka mmoja. Kwa pesa ya mfukoni usiuwaze: ada ya mgeni peke yake inapita pauni 20,000, na London bado haijakulisha. Njia ni ufadhili. Ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa ada, tiketi na posho, na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni sawa na miaka miwili, kisha arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. LSHTM ina pia masomo ya masafa, kama epidemiolojia, ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa kazini Bunda, mradi awe na intaneti ya uhakika na nidhamu ya kuamka saa kumi alfajiri.

Hesabu ya mfano

Hapa chini ni namba za mfano, si bei za chuo chochote. Zifute uweke zako. Chukua mtu aliyeajiriwa kwa mkataba Musoma, anayepokea Sh 900,000 mkononi, akaenda kusoma miaka miwili mkoa mwingine.

Ada, Sh 5,000,000 kwa mwaka: 10,000,000
Chumba na chakula, Sh 350,000 kwa miezi 24: 8,400,000
Safari nne za kwenda na kurudi, Sh 150,000 kila moja: 600,000
Laptopu: 1,200,000
Utafiti, yaani kibali cha maadili, wasaidizi na usafiri: 2,500,000
Kuchapa na kujalidi: 300,000
Jumla: Sh 23,000,000

Tayari ada si nusu ya jumla. Sasa ongeza kile ambacho hakimo kwenye barua ya udahili: mshahara usiolipwa. Sh 900,000 kwa miezi 24 ni Sh 21,600,000. Hiyo peke yake ni zaidi ya mara mbili ya ada yote.

Usihesabu chakula mara mbili, maana ugali ungekula hata ukibaki Musoma. Kama huna familia, umefunga chumba chako, na ulikuwa ukitumia Sh 200,000 kwa mwezi kwa chakula na kodi, basi ondoa Sh 4,800,000. Bei yako halisi ni Sh 39,800,000. Kama una mke au mume na watoto waliobaki nyumbani, kodi na sufuria ya nyumbani haviendi masomoni nawe, kwa hiyo usiondoe kitu. Bei yako ni Sh 44,600,000.

Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Kama hana familia, bei yake ni Sh 18,200,000. Chuo ni kilekile, darasa ni lilelile, ila bei haifiki hata nusu. Barua ya mwajiri ina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Halafu uliza pesa itarudi lini. Tuseme shahada itakuongezea Sh 400,000 kwa mwezi. Wa Sh 39,800,000 atangoja zaidi ya miaka minane, na wa Sh 18,200,000 atangoja pungufu ya miaka minne. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo asisahau kwamba asilimia 15 ya mshahara hukatwa mpaka deni liishe, na mshahara ukisimama deni halisimami nao.

Ugonjwa wa Kwangwa

Watu wa Musoma wanaijua Kwangwa. Hospitali ile ya rufaa, ambayo sasa inabeba jina la Mwalimu Nyerere, ilisubiri takriban miaka 40 tangu msingi mpaka kuhudumia wagonjwa. Vizazi viwili vilipita vikiyaona maboma. Tasnifu nyingi za uzamili zinaugua ugonjwa huohuo: masomo ya darasani huisha kwa wakati, kuta zikasimama, paa halionekani.

Rudi kwa mtu wetu wa mkataba mwenye familia. Kila mwezi anaochelewa anapoteza Sh 900,000 za mshahara na kutumia Sh 350,000 za kujikimu ugenini. Ni Sh 1,250,000 kwa mwezi. Akichelewa miezi sita, Sh 7,500,000 zimeyeyuka kabla hajalipia usajili wa muda wa ziada. Tuseme alichagua chuo chenye ada pungufu kwa milioni moja kila mwaka, kikamwokolea milioni mbili. Miezi miwili tu ya kusubiri msimamizi arudishe sura ya tatu imezimeza zote, na chenji haikubaki.

Kuna sababu tatu za kawaida za kuchelewa, na kila moja unaweza kuipima kabla hujalipa.

Ya kwanza ni msimamizi. Uliza idara ina wanatakwimu wangapi wa kusimamia, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi. Wapigie simu wahitimu wawili wa miaka ya karibuni. Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Waulize waliingia mwezi gani na walitetea mwezi gani.

Ya pili ni vibali. Utafiti unaogusa wagonjwa unahitaji kibali cha kamati ya maadili, kisha barua za mkoa, wilaya na kituo chenyewe. Anayeanza kuandika andiko la utafiti baada ya mitihani ya mwaka wa kwanza ameshajichelewesha.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni data. Mwanafunzi anayepanga kuzunguka vijijini na dodoso atalipa mafuta, wasaidizi, karatasi na mvua. Mwanafunzi wa biostatistiki ana nafasi ambayo mwenzake wa kozi nyingine hana: taaluma yake inaheshimu data zilizokwisha kukusanywa, ilimradi swali liwe jipya na uchambuzi uwe wa kina. Kila basi la Musoma kwenda Mwanza hupita Kisesa, na abiria wengi husinzia bila kujua kwamba wakazi wa pale wamefuatiliwa na watafiti tangu 1994: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na VVU vimeendaje miongoni mwao. Zipo data za tafiti za kaya za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zipo rejesta za hospitali yako mwenyewe. Kuomba data kuna taratibu na subira yake, lakini barua ya maombi haihitaji dizeli.

Musoma, Bunda, Butiama: nani achague nini

Ofisa takwimu aliyeajiriwa na serikali pale Musoma, mwenye ruhusa ya masomo inayokaribia, ana kila sababu ya kwenda Moshi au Kampala kuchukua taaluma yenyewe. Kabla ya kuondoka, amwone afisa utumishi na kuuliza maswali mawili. Je, muundo wa utumishi wa kada yake unaitambua shahada hiyo kwa kupanda daraja, au itabidi abadilishiwe kada? Na mshahara utaendelea mpaka mwezi gani hasa? Wapo waliorudi na cheti safi wakakuta daraja lilelile.

Muuguzi mwenye shahada anayefanya kazi Bunda, mwenye watoto wawili shuleni na mwajiri asiyelipa ruhusa ya masomo, asikimbilie Dar. Apime mambo mawili: MPH ya Mwanza, au uzamili wa masafa unaolipiwa somo kwa somo. Uzamili wa masafa mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi, lakini mshahara haukatiki, na tumeona mshahara ndio mzigo mzito kuliko yote. Akiipenda takwimu kweli, aipe uzito kwenye tasnifu ya MPH, aombe msimamizi mwanatakwimu, ndipo aongeze ujuzi wa programu kwa mafunzo mafupi.

Mhitimu wa hisabati wa Butiama asiye na ajira ana kitu kimoja ambacho hao wawili hawana: hana mshahara wa kupoteza. Kwake bei ya mwaka wa masomo ni ndogo, ila hana pa kuitoa. Nguvu zake azipeleke kwenye ufadhili. Hasselt, Kigali na miradi ya utafiti inayolipia wanafunzi ndiyo milango yake, na njia ya kuifikia ni kujitolea kwanza kwenye data za afya, hata miezi sita ofisini kwa mganga mkuu wa wilaya, ili barua yake ya maombi iseme kitu. Butiama sasa ina chuo kikuu kinachobeba jina la Mwalimu, ila jina lake lenyewe linasema ni cha kilimo na teknolojia. Ukaribu wa geti usimshawishi mtu kusomea asichokitaka.

Soko limebadilika

Kwa miaka mingi kazi nyingi za ufuatiliaji na tathmini mikoani zililipwa na pesa za VVU kutoka Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa rasmi. Aliyekuwa akisomea uzamili ili apate mkataba wa mradi ana haki ya kuhesabu upya. Ujuzi wa kutengeneza ripoti za mfadhili mmoja umeshuka bei. Ujuzi wa kubuni utafiti, kuchambua jaribio la dawa, au kumweleza mganga mkuu kwa nini asilimia 108 si habari njema, hautegemei nembo iliyo kwenye gari.

Kwa hiyo angalia kozi inafundisha programu gani. Stata na SPSS zina leseni za kulipia, na ukiondoka chuoni leseni hukuaga. R ni ya bure, na inafanya karibu kila kitu cha taaluma hii. Chuo kinachofundisha kwa R kimekupa kifaa ambacho utaendelea kukitumia ukiwa Bunda bila kumwomba mtu.

R hiyohiyo ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Kabla hujalipia fomu, ishushe kwenye laptopu ya rafiki, tafuta mafunzo ya bure, na kwa miezi mitatu tumia bando la jioni kuchambua hesabu yoyote ulinayo, hata ya kikoba chenu. Ukiona usiku umeingia bila kuhisi, una taaluma. Ukiona kila kosa la nukta linakuudhi mpaka unafunga mashine, umetumia pesa ya bando kuokoa milioni 40.

Baada ya hapo chukua karatasi. Andika jina la chuo, jumla yako kamili, jina la anayelipa mshahara wako, mahali data ya tasnifu ilipo sasa hivi, na mwezi ambao wahitimu wawili uliowapigia simu walitetea. Mstari wa ada uuache mwishoni. Karatasi yenye vyuo vitatu na mistari hiyo mitano itakuambia zaidi ya tangazo lolote la udahili, na kama mstari wa data bado ni mtupu, fomu ya mwaka huu inaweza kusubiri.